Naombeni msaada: hesabu ya kalori kwenye pakiti ya biskuti imenishinda

MamaPacha wa Tabata:
Habari za jioni wakuu. Mume wangu amepimwa juzi, presha iko juu na uzito ni kilo 104. Daktari kasema apungue, na mimi ninayenunua chakula nianze kusoma lebo. Nimekaa na daftari tangu magharibi na hesabu hazikubali.

Pakiti ni gramu 150, maandishi ni Kiingereza na Kiarabu. Kwa gramu 100: nishati 2039, mafuta 20, wanga 68, kisha sukari 25 imeandikwa chini ya wanga, imesogezwa ndani kidogo. Nyuzinyuzi 3, protini 7. Najua protini na wanga unazidisha kwa 4, mafuta kwa 9. Nikapata protini 28, wanga 272, sukari 100, mafuta 180, jumla 580. Sasa hiyo 2039 inatoka wapi? Yeye hula nusu pakiti na chai kila usiku. Kama ni kweli, hapo ni zaidi ya 1500 kabla hajagusa ugali. Nimeogopa sana.

Fundi Mizani:
Pole dada. Hebu tazama mbele ya 2039, kuna herufi gani?

MamaPacha wa Tabata:
kJ.

Fundi Mizani:
Basi hizo ni kilojuli, siyo kalori. Gawanya kwa 4.184, unapata kama 487. Pakiti nyingi huandika vipimo vyote viwili, hiyo yako imeandika kimoja tu.

Halafu sukari umeihesabu mara mbili. Kule kusogezwa ndani maana yake hizo 25 zimo tayari kwenye wanga 68. Futa ile 100, inabaki 480. Nyuzinyuzi kila gramu ni kama kalori 2, ongeza 6: 486. Hiyo moja iliyopungua ni desimali tu. Hizo 4 na 9 zenyewe ni wastani, zinatokana na kazi ya mkemia Mmarekani Atwater mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo usikeshe kwa tofauti ndogo.

Ila ukishika pakiti ya Marekani, nyuzinyuzi zimeshajumlishwa ndani ya wanga. Zitoe kwanza ndipo uzidishe.

Nusu pakiti yake ni gramu 75, kwa hiyo 486 mara 0.75, kama 365. Si 1500, lakini kwa kitu cha kusindikizia chai bado ni nyingi.

Kipepeo wa Mbagala:
Mimi naona mnamchosha bure. Ugali hauna lebo, mchicha hauna lebo. Ampunguzie tu sahani.

Fundi Mizani:
Ugali unahesabika, ndugu yangu. Pima unga mkavu kabla haujaingia sufuriani: gramu 100 za unga wa mahindi ni kama kalori 360. Maji yanaongeza uzito wa ugali, kalori hayaongezi. Na huo mchicha, tazama mafuta. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120. Ukimimina vijiko vinne, umefikia gramu 100 za biskuti zile zile.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, kwa presha usiishie kwenye kalori, tafuta mstari wa sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na humo mna ya mboga, ya mkate na ya hizo biskuti. Na kama anameza dawa za sukari pia, msimkatie chakula ghafla, rudini kliniki kwanza.

MamaPacha wa Tabata:
Mungu awabariki. Nimemwaga pakiti nzima kwenye sinia mbele yake tukahesabu pamoja: biskuti 20, kila moja gramu 7.5, kama kalori 36. Alinyamaza, akatenga nne pembeni, zilizobaki akazirudisha kwenye kopo mwenyewe. Nne ni kama 146.

Sodiamu nimeiona pia, miligramu 400 kwa gramu 100, yaani chumvi gramu 1. Kesho naipima chai yake, maana anaweka sukari vijiko vitatu vilivyojaa na sijui kijiko chetu kinabeba gramu ngapi.