Kwenda jangwani na kurudi Nairobi siku moja: twende mbuga gani?

MwanaUmoja:
Hamjambo wadau. Tuko marafiki sita, tuna Jumamosi moja tu ya kuwa pamoja kabla wawili wetu hawajahamia Mombasa kikazi. Tunataka mbuga ya jangwani: pakavu, peupe, jicho lifike mbali. Mmoja anashikilia twende Sibiloi kwa sababu ya visukuku vya Koobi Fora. Gari ni Noah ya kukodi, si 4x4. Mwenzetu mwingine ana pumu. Naombeni ushauri, siku hii ina uzito kwetu.

MzeeWaNjia:
Sibiloi kwa siku moja sahau, ndugu yangu. Iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Lami itakufikisha Marsabit mjini, na hapo umeshakata zaidi ya kilomita 500. Mbele yako bado kuna jangwa la Chalbi, na huko gari moja peke yake haliendi. Hiyo ipangieni wiki nzima, magari mawili.

BintiWaKimana:
Nendeni Amboseli. Si jangwa kamili, lakini mkifika upande wa magharibi, kwenye ziwa lililokauka, hamtaona tofauti: ardhi nyeupe ya magadi, mazigazi yanayoonyesha maji yasiyokuwepo, vumbi likizunguka na kupanda juu. Mkigeukia upande wa pili mnakuta ndovu wamezama hadi tumboni, wanang'oa majani ya kinamasi. Mvua kwetu ni haba. Maji hayo ni ya Kilimanjaro, hupita chini kwa chini kwenye miamba ya volkano na kuchomoza kwenye vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye. Bila mlima ule, mbuga yote ingekuwa vumbi tupu.

Njia ya Namanga msiifuate na Noah. Kipande cha kuingilia lango la Meshanani kinatikisa gari mpaka meno yagongane. Shikeni barabara ya Mombasa hadi Emali, mkate kulia kuelekea Loitokitok, lami mpaka Kimana. Ni kama kilomita 240 hivi. Tokeni Nairobi saa tisa usiku, dereva awe amelala vizuri. Mlima huonekana asubuhi. Jua likipanda, mawingu huufunika.

Ndani ya mbuga msitoke nje ya njia. Ziwa lile juu limekauka, lakini mvua ikipita, chini yake ni tope, na Noah haitoki hapo bila kuvutwa. Kushuka garini ni sehemu maalumu tu. Pandeni kilima cha Noomotio, pale mnaruhusiwa kutembea, na mtaona vinamasi na ukame kwa mtazamo mmoja.

Kipepeo_254:
Mbona msiende Ziwa Magadi? Ni karibu zaidi, na njiani mnapitia Olorgesailie kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale. Huyo wa Koobi Fora atafurahi.

BintiWaKimana:
Magadi pazuri, ila si mbuga ya taifa, na joto la mchana ni kali mno. Kwa mwenye pumu ningeogopa.

MwanaUmoja:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Je, tukipanda treni ya SGR hadi Emali?

MzeeWaNjia:
Treni inayosimama Emali huondoka saa mbili asubuhi. Mpaka mpate gari la kuwafikisha langoni, mlima umeshafichwa. Endesheni wenyewe, na mtoke mbugani kufikia saa tisa alasiri. Malori ya barabara ya Mombasa usiku si mchezo.

Nesi_Donholm:
Kuhusu pumu: dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwake, si kwenye begi la nyuma. Awe na barakoa na akae mbele. Mkiona gari linakuja, pandisheni vioo mapema, na msifuate gari lingine kwa karibu. Kama kifua kimembana wiki hiyo, ahirisheni.

BintiWaKimana:
Na kiingilio mlipe kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kuondoka. Langoni hawapokei pesa taslimu.