Benzi 300D (W123) otomatiki inapiga teke nikiweka D au R, fundi anataka kushusha giaboksi

mwanatanga_300D
Wakuu habarini. Nina Benzi 300D ya 1983, ile W123, otomatiki, marehemu baba aliiacha na naipenda kweli sitaki iharibikie mikononi kwangu. Shida ni hivi, nikiwa nimesimama nimekanyaga breki nikitoa P kuweka R au D inapiga TU! hapohapo kama teke la punda, gari zima linashtuka, abiria wa nyuma anauliza tumegonga nini. Njiani nako inabadili gia kwa kishindo hata kama nimekanyaga mafuta kidogo tu, hasa ikitoka ya pili kwenda ya tatu. Oili ya giaboksi nimeicheki ni nyekundu, haina harufu ya kuungua, na gari haitelezi gia hata kwenye mlima.

Fundi wangu kaizungusha mtaani mara moja akasema klachi za ndani zimekwisha, ishushwe ifunguliwe yote. Hela aliyotaja ni kubwa, kabla sijauza kitu nimeona niulize. Kingine sijui kama kinahusiana, nikizima ufunguo injini haikati hapohapo, inaendelea kunguruma kidogo ndo inazima. Na loki za milango hazifungi zote, mlango wa nyuma kushoto hauitikii kabisa, lakini hilo ni la siku nyingi.

kijana_wa_gereji
Mkuu hiyo jaza oili kidogo ipite alama ya juu, mara nyingi inalainika. Ikigoma ndo ufungue.

Dizeli_Moshi
Hapana ndugu, usimpe mwenzio ushauri huo. Giaboksi ya hizi Benzi ukizidisha oili inapigwa na gia za ndani inatoa povu, na povu halishiki presha, hapo ndo utaiua kweli. Oili inapimwa injini ikiwa inawaka, lever kwenye P, gari liko sehemu tambarare na giaboksi imepata moto wa kutosha. Ukiipima ya baridi itasoma chini ya alama ya chini, watu wanakimbilia kujaza kumbe ilikuwa sawa. Kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama mililita 300 tu, kwahiyo inaongezwa kidogokidogo.

Sasa wewe mwenye gari, usishushe kitu. Umeandika mambo mawili mwishoni ukadhani hayahusiki, na kwangu mimi hayo ndo jibu. Injini kuchelewa kuzima, loki kugoma na gia kupiga teke, hivyo vyote kwenye 300D vinakula sahani moja ambayo ni vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Dizeli hii haina kipepeo (kile kibao cha kubana hewa) kwenye njia ya hewa kama ya petroli, kwahiyo haijitengenezei vakyumu yenyewe, imewekewa pampu yake pale mbele ya injini. Pampu hiyo ndo inayohudumia busta ya breki (inayolainisha pedali), kile kidude cha kuzimia injini kwenye pampu ya dizeli, loki za milango, na moduleta ya giaboksi. Paipu ikivuja mlangoni, huku kwingine kote kunapungua nguvu.

Moduleta ni kile kikopo kidogo ubavuni mwa giaboksi chenye paipu nyembamba. Ndani kina diaframu, kiwambo chembamba cha mpira. Ukiwa hujakanyaga mafuta kinatakiwa kipate vakyumu nyingi, kinashusha presha, gia inaingia taratibu. Ukikanyaga, ile valvu iliyo juu ya pampu ya dizeli inapunguza vakyumu, presha inapanda, gia inashika kwa nguvu ili isiteleze. Vakyumu ikiwa haifiki, giaboksi inaamini umekanyaga mafuta mpaka chini muda wote, ndo maana inapiga teke hata umesimama getini. Giaboksi nzima zaidi ndo inayopiga hivyo, klachi zikiisha inateleza, na wewe umesema haiteleze hata mlimani.

Anza hivi. Kwenye paipu nene inayotoka pampu kwenda busta ya breki kuna vichuchu vidogo vinavyogawa. Tafuta kinachokwenda kwenye milango, kichomoe, ziba kile kichuchu vizuri (hata mpira wenye skrubu ndani unatosha kwa jaribio), halafu endesha. Ikizima haraka na gia zikalainika basi uvujaji uko milangoni. Kisha chomoa paipu ya kwenye moduleta, ukikuta imelowa oili nyekundu ndani, diaframu imepasuka, badili moduleta, ni kitu cha nje hakihitaji kushusha chochote. Na viungo vya mpira vyote vikague, gari ina zaidi ya miaka 40, mpira wa umri huo unakuwa mgumu unapasuka ukiugusa.

Na breki usizisahau. Kama pedali imeanza kuwa ngumu usiende nayo mbali mpaka ujue vakyumu inapotelea wapi.

Mama_Benzi_Msa
Naongezea hapo kwa Dizeli_Moshi, angalia pia mizunguko ya injini ikiwa imetulia. Hii inatakiwa iwe kama 750 hivi kwa dakika, fundi akiipandisha ikafika elfu kwa sababu AC inaizimisha, lazima gia iingie kwa kishindo hata vakyumu ikiwa nzuri. Halafu tafadhali usiguse ile skrubu ya moduleta kabla hujamaliza kuziba uvujaji. Kuna kifuniko cha mpira, ndani kuna kishikio kidogo unavuta na kuzungusha, kulia inakaza gia, kushoto inalegeza. Wengi wanailegeza ili gari iwe laini, uvujaji ukija kuzibwa presha inakuwa ndogo mno klachi zinateleza na kuungua, hapo fundi wako anakuwa amepata kazi aliyoitaka.

mwanatanga_300D
Aisee wakuu nashukuru sana, sikujua loki za mlango zinaweza kusumbua giaboksi. Nimeziba kile kichuchu cha milangoni leo asubuhi. Injini sasa inakata palepale nikigeuza ufunguo, na njiani gia zinabadilika laini hadi raha, ya pili kwenda ya tatu sisikii kabisa. Paipu ya moduleta ni kavu. Mizunguko iko chini tu, sijaigusa. Ila nikiweka R bado kuna mlio mmoja wa kugonga chini ya gari, si teke kama lile, ni kama chuma kinagusa chuma, na nikiachia mafuta ghafla nikiwa spidi ndogo nausikia tena.

Dizeli_Moshi
Safi sana. Huo wa pili si wa giaboksi, ni ulegevu wa huko nyuma yake. Ingia chini na tochi (gari liwe kwenye stendi imara, si jeki tu) uangalie ile mipira ya duara inayounga propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), mmoja uko nyuma ya giaboksi na mwingine mbele ya difu (ile nyumba ya gia katikati ya matairi ya nyuma). Tafuta nyufa kuzunguka matundu ya bolti, zungusha propela kwa mkono huku na huku uone kama unacheza. Kisha mauntini (vishikio vya mpira) ya giaboksi na ya difu, ikikatika difu inanyanyuka unapoweka R na kugonga bodi.

Ukibadili ile mipira badili yote miwili, weka nati mpya kwa sababu za zamani zinajifunga mara moja tu. Kabla ya kufungua weka alama ya rangi kwenye propela na flenji zake zirudi palepale. Ile nati kubwa ya katikati ya propela ilegeze mwanzoni, na usiikaze mpaka gari limekaa chini kwa matairi yake na umelisukuma mbele na nyuma kidogo, vinginevyo beringi ya katikati inabaki imevutwa upande na utaanza kusikia mtetemo. Spea zake si za shida, W123 zilitengenezwa karibu milioni 2.7, ila epuka mipira ya bei ya kutupa.

kijana_wa_gereji
Nimejifunza mkuu. Na huo mlango uliogoma, anabadili kidude kizima cha vakyumu kinachovuta loki au diaframu yake peke yake?

Dizeli_Moshi
Kidude kizima, kiko ndani ya mlango chini ya loki. Kabla hajanunua akivute kwa pampu ndogo ya mkono, kikishika vakyumu basi tatizo ni paipu pale kwenye bawaba panapojikunja kila mlango ukifunguliwa.