MREJESHO: Pamba ya milimita 50 darini haikupita ukaguzi

Wadau, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama pamba ya nyuzi za kioo ya milimita 50 juu ya dari ingetosha kumridhisha mkaguzi wa majengo, maana chumba cha juu kilikuwa hakikaliki mchana kwa joto. Haikutosha. Kanuni hazitazami unene peke yake, zinatazama ukinzani wa joto, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite: unene kwa mita, gawanya kwa kiwango cha upitishaji joto cha nyenzo. Kiwango hicho kwa pamba yangu ni 0.04, kwa hiyo milimita 50 inatoa 1.25 tu, na mimi nilitakiwa kufikia 2.5. Nimeongeza tabaka la pili, limelazwa kukingama na la kwanza ili viungo visikutane.

Kilichoniuma zaidi ni mkaguzi alipoinua kipande kimoja: fundi alikuwa amekikandamiza chini ya bomba hadi kikawa chembamba kama kadibodi. Pamba ikibanwa inapoteza hewa, na hewa ndiyo inayozuia joto! Pale tumeitoa yote, tukaweka mpya. Mfuniko wa kupandia darini nao ulikuwa mtupu, nimeuwekea pamba na mpira pembezoni.

Kibali nimepata. Uliyenishauri nipige hesabu kabla ya kununua, asante sana, ulikuwa sahihi.