Data huria za CMS za mwaka 2012: kwa nini kalibresheni ihifadhiwe mbali na programu?

Mchambuzi wa Pwani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninachambua data huria za CMS, kigunduzi cha chembe kilichopo kwenye LHC, mashine ya kugonganisha protoni huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Data zenyewe ni za migongano ya protoni ya mwaka 2012, kwa nishati ya TeV 8. Kila ninapotaka kusahihisha nishati ya jeti, yaani mafungu ya chembe zinazoruka pamoja upande mmoja, programu hunitaka nitaje lebo kuu ya kalibresheni (namba za kusahihishia vipimo), kisha huanza kutafuta faili kubwa za hifadhidata kabla haijasoma hata tukio moja, yaani rekodi ya mgongano mmoja. Naelewa kwamba vipimo ni lazima visahihishwe. Nisichoelewa ni kwa nini namba hizo hazikuwekwa ndani ya programu yenyewe, na kwa nini kuna lebo nyingi kwa data zilezile. Je, nikitumia lebo yoyote ya mwaka huo nitakuwa nimekosea?

Fuwele alijibu:

Ndugu Mchambuzi, nitaanza na suala la wakati, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote. Kalorimita ya CMS, yaani kipima nishati cha elektroni na fotoni (chembe za mwanga), ina fuwele 75,848 za tungsteti ya risasi. Fotoni ikiingia ndani ya fuwele hutokeza mwanga, na wingi wa mwanga huo ndio tunaousoma kama nishati. Lakini mnururisho wa migongano hupunguza uwazi wa fuwele, na migongano inaposimama uwazi hurejea kwa kiasi fulani, kwa hiyo fuwele ileile haitoi mwanga ulio sawa asubuhi na jioni hata ikipokea fotoni za nishati moja. Tena upungufu huo hautoshani: katika sehemu ya katikati ulikuwa wa asilimia chache tu, ilhali karibu na mhimili wa miali ulikuwa mkubwa zaidi sana. Ndiyo sababu mwanga wa leza hupelekwa kwenye kila fuwele ili kupima uwazi wake, na kuzizungukia zote huchukua takriban dakika 40. Namba zinazobadilika kwa kasi hiyo haziwezi kufungwa ndani ya programu.

Kila seti ya namba, basi, huhifadhiwa pamoja na kipindi cha uhalali wake, yaani tangu zamu fulani ya ukusanyaji data hadi seti inayofuata itakapoanza. Baadhi ya vipimo, kama mahali hasa miali inapokutana, vinaweza kufuatiliwa hadi kwenye vipande vya zamu vya sekunde 23 hivi.

Hapo tumezungumzia wakati wa tukio tu. Jambo la pili ni ujuzi wetu kuhusu wakati huo, ambao nao hukua. Kalibresheni ya kwanza huandaliwa ndani ya saa 48 hivi, ili uchakataji kamili wa data usichelewe. Baadaye, data za mwaka mzima zikishapatikana, wataalamu hutumia mtengano wa chembe ya Z kuwa elektroni na positroni, au wa pioni isiyo na chaji kuwa fotoni mbili, na kupata namba bora zaidi kwa vipindi vilevile. Namba mpya hupewa lebo mpya na zile za zamani hubaki kama zilivyo. Lebo kuu ni orodha inayotaja lebo moja kwa kila aina ya kipimo. Nalishikilia jambo hili kwa dhati: ugunduzi wa chembe ya Higgs uliotangazwa tarehe 4 Julai 2012 ulitegemea pia fotoni zilizopimwa na fuwele hizi, na anayetaka kurudia uchambuzi wa namna hiyo ni lazima aweze kupata namba zilezile zilizotumika.

Kwa hiyo ndiyo, utakuwa umekosea. Tumia lebo iliyotajwa katika maelezo ya data zako.

Mlinzi wa Seva alijibu:

Naongezea upande wa usambazaji. Ndani ya CMS, maelfu ya kazi za kompyuta duniani kote huomba kalibresheni ileile kwa wakati mmoja, na hifadhidata kuu ya Oracle isingeweza kuzihudumia zote moja kwa moja. Mfumo wa Frontier hugeuza maombi hayo kuwa ya HTTP, itifaki ileile ya kurasa za wavuti, kisha seva za Squid zilizo katika kila kituo hutunza nakala na kuwajibu walio karibu. Nakala hizo zinaaminika kwa sababu kilichokwisha kuandikwa hakibadilishwi. Wewe unayetumia data huria unapata faili za SQLite (hifadhidata iliyo ndani ya faili moja) kupitia CVMFS, mfumo wa kusambaza faili kwa mtandao, ambao hutunza nakala kwenye mashine yako. Mara ya kwanza utasubiri sana, hasa kama intaneti ni dhaifu, lakini usipoifuta hifadhi hiyo, mara zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Mchambuzi wa Pwani aliandika:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Je, lebo hiyohiyo inafaa kwa matukio ya uigaji, yaani yaliyotengenezwa na kompyuta, ninayoyalinganisha na data?

Fuwele alijibu:

Hapana, uigaji una lebo kuu yake. Hali ya kigunduzi iliyochukuliwa humo ni ya mfano, haifuati mabadiliko ya kila zamu. Kwa jeti tofauti ni kubwa zaidi: data halisi huongezewa sahihisho la mwisho la kuziba pengo lililobaki kati yake na uigaji, na sahihisho hilo halitumiki kwa uigaji wenyewe.