Wasimamizi mnamlinda nani? Uzi wa tapeli wa vifaranga umefutwa, yeye bado anatangaza

Wakuu, nimetoka kutumikia ban ya wiki nzima, yaani nilifungiwa kuandika humu jukwaani. Someni hii mapema kabla nayo haijafutwa.

Niliagiza vifaranga 300 vya Sasso (aina ya kuku) kwa muuzaji wa humu humu, mwenye ile alama ya "muuzaji aliyethibitishwa". Bei shilingi 1,800 kwa kimoja, kianzio nusu, kwa hiyo nikamtumia 270,000 kwa simu. Siku ya mzigo akanirushia picha ya maboksi yamepangwa kwenye sakafu ya vigae vyekundu, akasema yameshapakiwa kwenye basi. Mimi huku bruda, sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, imeshawashwa, mkaa unateketea. Basi likafika, boksi hakuna, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Nikapekua matangazo yake ya nyuma. Picha ni ile ile! Vigae vile vile, boksi la pembeni limechanika kona ile ile, ila kule alikuwa anatangaza Kuroiler, aina nyingine ya kuku. Chini yake mwanachama mmoja anauliza mzigo wake uko wapi. Hakuna aliyemjibu, si muuzaji wala msimamizi.

Nikafungua uzi. Nikaweka risiti ya muamala, picha zote mbili na mazungumzo yetu, tena namba yake nikaificha tarakimu za katikati kama kanuni zinavyotaka. Watu wakaanza kujitokeza kwamba nao wamelizwa na huyo huyo. Kabla ya jioni uzi haupo, mimi nimefungiwa, sababu ni maneno manne: "Kuchafua jina la mwanachama." Kanuni namba ngapi? Sentensi ipi niliyoandika ni ya uongo? Kimya. Na wale waliokuwa wanatoa ushahidi, ushahidi wao umekwenda na maji.

Nikakata rufaa kwa utaratibu uliowekwa. Aliyeijibu ni msimamizi yule yule aliyenifungia: "Uamuzi haubadiliki." Kesi ya nyani hakimu ngedere. Dawati la msaada nalo linarudisha ujumbe wa mashine kwamba nitajibiwa ndani ya saa 48. Zimepita zamani, hakuna binadamu aliyeandika hata mstari. Lakini juzi muuza vyakula vya kuku alilalamika tangazo lake la kulipia halionekani, akajibiwa hadharani muda ule ule. Kwa hiyo watu wa kujibu mnao.

Na si mimi peke yangu. Kuna tangazo limebandikwa juu kabisa la antibiotiki "inayotibu kideri". Kideri ni ugonjwa wa virusi, antibiotiki haiuui. Kinga yake ni chanjo, ile ya tone la jichoni, na unairudia kila baada ya miezi mitatu. Mwanachama mmoja aliandika hayo hayo chini ya tangazo, kwa lugha ya heshima kabisa. Maoni yake yakafutwa kwa "kuharibu biashara ya watu". Tangazo bado lipo. Mfugaji mgeni atalisoma lile, atanunua dawa, ataacha chanjo, na banda zima litateketea.

Najua kuna watakaosema wasimamizi wanajitolea, tuwaonee huruma. Anayejitolea namheshimu. Ila ile alama ya uthibitisho wauzaji wanailipia, na mimi nilituma hela kwa sababu ya ile alama. Ukipokea pesa ili umtambulishe mtu kwetu kuwa ni mwaminifu, huwezi kukosa muda wa kusikiliza aliyeibiwa naye.

Tunachodai si kigeni. Kanuni za Santa Clara, zilizotolewa na watetezi wa haki za mtandaoni mwaka 2018, zinasema mtu akifutiwa andiko aelezwe amevunja kanuni ipi, na rufaa yake isikilizwe na mtu ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza. Hilo halihitaji mtambo wala bajeti. Wasimamizi mko zaidi ya mmoja, peaneni mafaili.

Nataka uzi wangu urudishwe na maoni yote ya wahanga yakiwemo. Nataka huyo muuzaji avuliwe alama leo wakati mnachunguza, maana kila siku mnayokaa kimya kuna mwingine anatuma kianzio. Na rufaa yangu isomwe na msimamizi mwingine.

Kwa wenzangu mliopigwa: msifute meseji wala risiti. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na mkaripoti polisi mkiwa na muamala mkononi. Halafu wekeni risiti zenu hapa chini, ficheni namba na majina ya watu. Mimi nimeshazihifadhi picha zote pembeni, huu uzi ukifutwa nafungua mwingine.