Naomba ushauri: Ninawi ya Yona na Ninawi ya Nahumu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili ni zamu yangu kufundisha kikundi chetu cha Biblia, nami nimekwama. Katika kitabu cha Yona, mji wa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru ya kale, unafunga kula na kuvaa magunia kwa toba, hata wanyama, na Mungu anauhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000. Katika Nahumu, mji uleule unatangaziwa maangamizi, na kweli ulianguka mwaka 612 K.K. Kinachonigusa sana: Yona 4:2 na Nahumu 1:3 zote zinasema Mungu si mwepesi wa hasira!

Nianze na kitabu kipi? Tena kuna mama mmoja, amefiwa na mwanawe juzi, ameniuliza kama rehema ya Mungu ina mwisho. Nimjibuje? Sitaki kumjibu kwa haraka.