Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kwetu. Je, ilikuwa haki?

MwanaNgomeni:
Mimi ni wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Marehemu babu alivua miaka mingi karibu na majukwaa ya chuma ya Waitaliano ya kurushia roketi, na alipenda kutusimulia sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 1970. Tarehe 12 Desemba roketi ilipanda kutoka baharini ikibeba setilaiti ya Wamarekani, wakaiita Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani tu, na ilisaidia kutambua Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani ambacho leo kinahesabiwa kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hautoki. Miaka hiyo bibi alichota maji ya chumvi kisimani. Faida za roketi naziona. Ninachouliza ni hiki: ni halali kufuata nyota na jirani yako ana kiu?

Mwalimu wa Fizikia:
Ndugu, eksirei za nyota hazifiki ardhini, angahewa inazizuia. Kuziona ni lazima upande juu. Tukingoja visima vyote vijae kwanza, hatutaondoka kamwe. Wazee wenu wa majahazi walijifunza nyota, na mitaani kwao njaa ilikuwepo. Tena pesa zile zisingekuja Ngomeni hata roketi isingerushwa.

BintiMakueni:
Mwalimu, mimi nina neno. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500 ilianguka kijijini Mukuku, huku kwetu. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Lakini watu wa Mukuku waliulizwa na nani? Kutafuta elimu sikupingi. Napinga anayepata elimu awe huku na anayeangukiwa na chuma awe kule.

MwanaNgomeni:
Mwalimu, la angahewa nimelikubali. Hilo la pesa limeniuma kwa sababu ni kweli. Dada, umenifungua macho: babu alilijua jina la Uhuru hadi anakufa, ila hakuna aliyewahi kumwambia setilaiti ile iliona nini. Aliuona moshi tu. Mimi mwenyewe nimesoma habari za Cygnus kwenye simu, ukubwani. Hilo ndilo deni ninalolidai, naona ni kubwa kuliko la kisima. Mwanangu ana miaka tisa. Jumamosi nampeleka ufuoni nimwonyeshe majukwaa, nimweleze yote.